Siku Tano Nikiifuata Ngalawa Hadi Borobudur

Jumanne, Jakarta

Kabla sijaona chochote cha Indonesia, niliinusa. Saa moja asubuhi nilikuwa nimesimama mlangoni pa nyumba ya wageni nikingoja gari, mlinzi mmoja mzee akawasha sigara kando ya lango, na papo hapo nikawa niko Wete, uani kwa bibi, majamvi yametandazwa hadi njiani, karafuu zinakauka juani, nasi watoto tumepewa fimbo tufukuze kuku. Sigara zao wanaziita kretek. Ni tumbaku iliyochanganywa na karafuu zilizokatwakatwa, na jina limetokana na mlio wake: moto ukiifikia karafuu, hualika. Mimi sivuti wala moshi siupendi, lakini yule mzee nilimwomba nisimame karibu naye kidogo. Akanisogezea kiti chake. "Silakan, Bu," akasema. Karibu, mama.

Mimi ni mwalimu wa historia katika sekondari moja ya Pemba. Nilikuja Jakarta kwa mafunzo ya walimu yaliyokwisha jana, nikaomba siku tano za ziada kabla ya kurudi. Sababu ni ngalawa. Baba yangu ni fundi wa ngalawa. Nimekulia kwenye mabanzi ya mwembe na mlio wa tezo. Miaka mingi iliyopita nilisoma kwamba kwenye kuta za Borobudur, hekalu la kale la Mabudha kisiwani Java, kumechongwa jahazi lenye matengo ubavuni, ile miti ya pembeni inayokizuia chombo kupinduka, kama ya ngalawa yetu, na kwamba watu waliliunda upya jahazi hilo, wakalisafirisha hadi Afrika, na sasa limehifadhiwa katika makumbusho yake lenyewe. Nilijiapiza kwamba siku nikikanyaga Java sitaondoka bila kuliona.

Lakini mgeni huanzia sebuleni. Leo nimekwenda Makumbusho ya Taifa, barabara ya Medan Merdeka Barat. Wenyeji wanaliita Gedung Gajah, Jumba la Tembo, kwa sababu ya tembo wa shaba aliyesimama mbele yake, zawadi ya Mfalme Chulalongkorn wa Siam aliyelitembelea mwaka 1871. Jumba lilifunguliwa 1868, lakini mkusanyiko wenyewe ulianza 1778, pale Waholanzi wa Batavia, ndiyo Jakarta ya enzi hizo, walipounda jumuiya yao ya sanaa na sayansi. Yaani vitu vya nchi hii vilianza kukusanywa na wageni, kwa macho ya wageni, na kazi ya Waindonesia imekuwa kuvisoma upya kwa macho yao.

Tarehe 16 Septemba 2023 moto uliunguza sehemu ya jumba hili. Lilifungwa mwaka mzima, likafunguliwa tena Oktoba 2024. Nilipokuwa nikipita kwenye kumbi zake, moyo wangu haukuacha kurudi Forodhani, kwenye Beit el Ajaib, makumbusho yetu ya Unguja, iliyoporomoka upande mmoja mchana wa tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu. Ndani yake ulikuwamo mtepe, chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja. Niliwahi kuwapeleka wanafunzi wangu kuuona. Mmoja wao aliingiza kidole kwenye mshono akaniuliza, "Mwalimu, maji hayaingii?" Tangu siku ile sijapata mahali pengine pa kulijibu swali hilo mbele ya darasa zima, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Humu Jakarta kuna sanamu ya Bhairawa, mungu wa kutisha, yenye urefu unaozidi mita 4. Imetokea Sumatra ya Magharibi, karibu na mto Batanghari, na inahusishwa na mfalme Adityawarman wa karne ya 14. Kabla ya kutambuliwa ilikuwa imelala ardhini, sehemu tu ikichungulia, na wanakijiji wakainolea visu vyao. Amesimama juu ya mafuvu ya watu, mkononi ameshika kisu. Sikukaa naye sana.

Niliyekaa naye ni Prajnaparamita. Huyu ni sanamu ya jiwe yenye urefu wa sentimita 126, mwanamke ameketi, macho ameyainamisha, vidole vyake vimegusana kifuani kama mtu anayehesabu jambo taratibu asilikosee. Kwa Mabudha yeye ni hekima yenyewe. Ametoka Singosari, Java ya Mashariki, kazi ya karne ya 13. Aligunduliwa mwanzoni mwa karne ya 19, akapelekwa Leiden, Uholanzi, na hakurudi mpaka 1978. Nilitazama mkono wake wa kushoto kwa muda mrefu. Bua la yungiyungi limeuzunguka mkono na kupanda hadi begani, jiwe limekuwa laini kama ukambaa uliolowekwa. Fundi aliyelichonga alijua mmea huota vipi.

Kisha kuna vile vilivyorejeshwa karibuni. Mwaka 2023 Uholanzi ilirudisha mamia ya vitu, miongoni mwake 335 vya hazina ya Lombok, dhahabu na vito vilivyotekwa na jeshi lake lilipoivamia kasri ya kisiwa hicho mwaka 1894. Mama mmoja alikuwa amembeba mwanawe amwoneshe, na mtoto akaweka kiganja kizima kwenye kioo. Mlinzi hakumkemea. Akangoja mtoto amalize, halafu akakipangusa kioo kwa kitambaa.

Kuna neno nililolitafuta kwa macho siku nzima huku nikijua sitalisoma, kwa kuwa Kijava cha kale sikijui: jenggi. Limo katika maandishi ya Java ya karne ya 9, nalo ni Zanj, ni sisi, watu weusi wa pwani ya Afrika, tukitajwa miongoni mwa watumwa. Hata kabla ya hapo, mwaka 724, dola ya Srivijaya ya Sumatra ilimpelekea mfalme wa China zawadi, na kati ya kasuku na wapiga muziki alikuwamo msichana mmoja anayetajwa kwa neno hilohilo lililogeuzwa Kichina. Sisi hufundisha biashara ya utumwa tukianzia karne ya 19, soko la Mkunazini. Yule msichana alitutangulia kwa miaka elfu na zaidi. Jina lake halikuandikwa, basi nimemwandika mimi hapa, hivyohivyo bila jina.

Jumatano, Sunda Kelapa

Kelapa ni nazi. Bandari ya zamani ya Jakarta ina nazi katika jina lake, na asubuhi nilipofika nilikuta majahazi ya mbao yamepangana omo kwa omo, yamepakwa rangi, yanapakia saruji. Ni ya jamii ya pinisi, yanaundwa na mafundi wa Sulawesi ya Kusini, na tangu 2017 UNESCO imeitia kazi hiyo ya kuunda majahazi katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Wapagazi wanapita juu ya ubao mwembamba kutoka gatini, mfuko begani, ubao unanesa, na wao wananesa nao. Nimeyaona haya Mkoani na Malindi maisha yangu yote.

Hatua chache kutoka hapo ni Museum Bahari. Ndiyo, bahari, jina hilo halikuhitaji mkalimani. Majengo yake ni maghala ya kampuni ya Waholanzi, VOC, ujenzi wake ulianza 1652. Kuta ni nene kama za ngome, boriti za mti mzito zimekwenda kutoka ukuta hadi ukuta, na madirisha yana vibao vya kufunga vikubwa kuliko mlango wa nyumba yetu. Humu kuliwekwa pilipili manga, kahawa, nguo, kungumanga na karafuu. Sehemu yake nayo iliungua, Januari 2018. (Inaonekana makumbusho kila mahali yanapigana na moto, maji na wakati, na hayana jeshi.)

Nataka niseme habari ya karafuu, kwa kuwa hapa ndipo ilipokuwa ikipitia.

Asili yake ni visiwa vichache vya Maluku, upande wa mashariki wa nchi hii, Ternate na Tidore na jirani zao. Kwa karne nyingi hakukuwa na mkarafuu kwingineko ulimwenguni. VOC ilipokamata biashara iliona kwamba vitu vikiwa vichache ndipo bei hukaa juu, kwa hiyo ikaamuru mikarafuu ikatwe kila mahali isipokuwa kule ilikotaka yenyewe, Ambon na kandokando yake. Mwaka 1652, mwaka uleule ghala hili lilipoanza kujengwa, Sultani wa Ternate alitia saini mkataba wa kung'oa mikarafuu ya nchi yake. Askari wakapita kwa mitumbwi mikubwa, kisiwa baada ya kisiwa, na mashoka. Mtu aliyepandiwa mkarafuu na babu yake siku aliyozaliwa akautazama ukianguka.

Siri haikukaa. Mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifanikiwa kuingiza miche Mauritius, na kutoka visiwa vile vya Wafaransa, mwanzoni mwa karne ya 19, ikafika Unguja. Seyyid Said akaamuru kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi, na mashamba hayo yakachumwa na watumwa. Kimbunga cha 1872 kikaangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, na tangu hapo sisi Wapemba ndio tunaopanda juu ya miti hiyo. Na mnunuzi wetu mkubwa katika miaka ya 1970 alikuwa nani? Indonesia, nchi ya asili ya karafuu, kwa ajili ya hizi kretek. Walipopanda za kutosha wenyewe, bei ikatuangukia. Nakumbuka wazee wakisema "bei imeanguka" kama watu wanaosema mvua imekatika, hakuna aliyetueleza imeangushwa na nini. Leo, mwanamke mzima, nimesimama ndani ya ghala la Batavia ndipo nikauona mzunguko wote.

Mwangalizi wa makumbusho, dada mdogo mwenye ushungi wa samawati, aliniona nimeinama kwenye kisanduku cha viungo nikinusa. Nikamwambia kwetu watoto hufungiwa shule msimu wa karafuu ili wakachume, na kwamba vikonyo vinavyobaki baada ya kuchambua tunaviita makonyo, navyo vina bei yake. Hakuwahi kusikia kwamba karafuu inaota Afrika. Aliita wenzake wawili, nikaanza upya.

Ramani ya vyombo vilivyozama ilinikumbusha Belitung. Mwaka 1998 wapiga mbizi waliokuwa wakitafuta majongoo bahari karibu na kisiwa hicho walikuta lundo la vyungu. Kilikuwa chombo cha karne ya 9 chenye vyombo vya udongo vya China kama 60,000, na bakuli moja limeandikwa tarehe inayolingana na mwaka 826. Chombo chenyewe hakikuwa cha China. Kilikuwa kimeshonwa, kama mtepe, na mbao zake zilipochunguzwa baadhi zikaonekana ni Afzelia ya Afrika, ndugu wa mbambakofi wetu. Sehemu kubwa ya shehena iliuzwa kwa dola milioni 32 na sasa imo Singapore, na wapo wataalamu waliolaumu kwamba uchimbaji ulikuwa wa kibiashara mno. Mimi nilikuwa nafikiria ule mti. Ulikatwa bara letu, ukashonwa Ghuba, ukafika China, ukaja kuzama Belitung.

Alhamisi, ndani ya treni

Saa saba hivi kutoka kituo cha Gambir hadi Yogyakarta. Mabonde ya mpunga hayana mwisho, kijani juu ya kijani, na minazi imesimama kwenye matuta. Kama si milima ile ya volkano kwa mbali ningesema tunapita Ole.

Nimepitisha muda nikiandika maneno nyuma ya tikiti. Habari ni kabar, dunia ni dunia, sabuni ni sabun, karatasi ni kertas, wakati ni waktu. Hayo tumepewa sote na Waarabu. Meza ni meja, bendera ni bendera. Hayo Wareno waliyaacha huku na huku. Alhamisi ni Kamis. Abiria wa kiti cha pili, mama mtu mzima, aliona ninavyoandika akataka kujua. Tukawa tunashindana: yeye anataja, mimi najibu. Nanas! Nanasi. Limau! Limau. Aliposikia limau alinipiga begani. Alikuwa na ndizi za kukaanga kwenye karatasi, pisang goreng, akanigawia mbili, na ndizi yenyewe asili yake ni pande hizi za Asia. Ilivuka bahari zamani mno, mpaka Wahaya na Wachaga wakaijengea maisha.

Na watu wa huku walivukaje? Kimalagasi, lugha ya Madagaska, ndugu yake wa karibu ni Kimaanyan cha bonde la mto Barito, Kalimantan, hukuhuku Indonesia. Mtaalamu Otto Christian Dahl alilithibitisha hilo mwaka 1951. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa 2012 ukakadiria kwamba miongoni mwa waliokianzisha kizazi cha Wamalagasi miaka kama 1,200 iliyopita walikuwamo wanawake wa Kiindonesia wapatao 30 tu. Wanawake thelathini! Darasa langu moja lina wasichana wengi kuliko hao. Na hawakuja wakakaa kimya: Buzurg ibn Shahriyar, nahodha wa Kiajemi, aliandika kwamba mwaka 945 watu wa Wakwak, wanaodhaniwa kuwa wa pande hizi, walikuja na vyombo kama elfu moja wakaushambulia mji wa Qanbalu, baada ya safari ya mwaka mzima, wakitaka pembe, magamba ya kasa, ngozi za chui, ambari na watu. Wataalamu wengi huiweka Qanbalu kisiwani Pemba. Nilizaliwa mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka magofu ya Ras Mkumbuu, panapodhaniwa kuwa ndipo penyewe, na shuleni sikuambiwa.

Ijumaa, Borobudur

Kilomita kama 40 kutoka Yogyakarta. Siku hizi hawaruhusu kila mtu kupanda. Idadi ya watu kwa siku ina kikomo, mnapanda kwa zamu, na mwongoza wageni lazima. Ukifika unapewa viatu vya kusuka viitwavyo upanat, kandambili za majani zenye soli laini, ili mawe yasilike. Nilivigeuza nikavitazama: usukaji ni uleule wa mikeka yetu ya ukindu, jicho juu ya jicho. Vimetolewa ndani ya kifuko na unaondoka navyo.

Mwongozaji wetu alikuwa kijana wa kijiji cha hapohapo, Mwislamu kama mimi, akatuomba radhi kwamba zamu yetu lazima iishe mapema kwa sababu ya sala. Anapozungumzia Borobudur husema "wazee wetu walijenga", hana wasiwasi wowote kwamba wazee hao walikuwa Mabudha. Ilijengwa kati ya karne ya 8 na ya 9, enzi ya ukoo wa Sailendra. Haina chumba ndani. Ni kilima kilichovikwa mawe, ngazi tisa, masanamu 504 ya Budha, na kuta zenye picha za kuchonga 2,672. Msituni ilisahauliwa na wengi hadi 1814, Raffles alipokuwa gavana wa Kiingereza akamtuma mhandisi Cornelius kuifyekea. Kazi kubwa ya kuitengeneza ilifanywa 1975 hadi 1982 kwa msaada wa UNESCO, mawe yakibomolewa na kurudishwa moja moja. Mlima Merapi ulipolipuka 2010 uliifunika majivu, na watu wakaja na fagio.

Haya yote niliyasikia kwa sikio moja. Macho yangu yalikuwa ukutani. Nilimwambia kijana, "Nioneshe jahazi."

Akacheka. "Ibu, wageni huuliza juu kabisa ni wapi."

Tukaenda korido ya kwanza. Ukuta umejaa watu: mfalme na watumishi, mwanamke anateka maji, tembo, miti ambayo kila jani limechongwa. Akasimama, akanyosha mkono bila kugusa.

Ni dogo kuliko nilivyodhani, na limejaa zaidi. Tanga limefura. Milingoti si nguzo moja, ni miti iliyosimamishwa kwa kupanuliwa miguu ikaungana juu. Mabaharia wadogo, kila mmoja na kazi yake. Mmoja amepanda, mwengine ameishika kamba kwa uzito wake wote, mgongo umepinda nyuma. Chini mawimbi yamechongwa kama nywele zilizosukwa. Na hapo mbele, ubavuni, miti inatoka chomboni ikashuka na kufungwa kwenye miti mingine iliyolala juu ya maji. Matengo. Fundi wa mawe amechonga hata mafungo yake, mzingo kwa mzingo. Sijui nilisimama kwa muda gani. Kijana aliwapeleka wenzangu mbele, akarudi kunichukua.

Machozi yalinitoka, nami sikuyaficha. Baba hufunga hivyohivyo. Hupitisha kamba, huvuta, huiwekea mguu, huvuta tena, halafu huligonga fundo kwa kitako cha tezo ili likae. Mtu fulani miaka 1,200 iliyopita aliketi mbele ya fundi kama yeye akatazama mpaka akajua.

Juu nilipanda, ndiyo. Yale makuba 72 ya mawe yenye matundu, kila moja na Budha ndani yake, na ukungu unaondoka bondeni. Pazuri. Lakini nilishuka nikiwa wa kwanza.

Jumamosi, Makumbusho ya Samudra Raksa

Yamo ndani ya eneo lilelile la Borobudur, chini ya miti, na jina lake ni la jahazi lenyewe. Yalifunguliwa 31 Agosti 2005. Nilikuwa nimefika jana jioni dakika chache kabla hawajafunga, nikaliona jahazi kwa haraka tu, kwa hiyo leo nimerudi asubuhi na nimekaa mpaka adhuhuri.

Kisa chake ni hiki. Mwaka 1982 Philip Beale, Mwingereza aliyetumikia jeshi la majini, aliizuru Borobudur akaona zile picha, akaondoka na wazo la kuliunda jahazi na kulisafirisha Afrika. Lilimchukua miaka ishirini. Nick Burningham, mtaalamu wa vyombo kutoka Australia, alitengeneza mfano mdogo, na mfano huo ukapelekwa kisiwa cha Pagerungan Kecil, mbali kaskazini ya Bali, kwa fundi mzee As'ad Abdullah. Yeye na watu wake wakaliunda bila michoro, kwa vigingi vya mti badala ya misumari. Tarehe 15 Agosti 2003 likang'oa nanga Jakarta. Likavuka hadi Shelisheli, Madagaska, Cape Town, likazunguka rasi, na tarehe 23 Februari 2004 likaingia Ghana.

Kwenye ramani ukutani nilifuata mstari wa safari kwa kidole. Ulitoka Shelisheli ukateremka Madagaska. Pemba iko kushoto tu. Haikuonekana kwenye ramani hiyo, nikaweka ukucha wangu pale ilipo.

Jahazi lina urefu wa mita 18 na zaidi kidogo, na limeujaza ukumbi mpaka linaonekana kama limeletwa kwanza, nyumba ikajengwa baadaye. Mbao zimekolea rangi kama chai iliyochemka sana. Makasia mawili ya usukani yako tezini, moja kila upande. Mzee mmoja wa Kijava alikuwa akimweleza mjukuu wake kwa sauti ya chini, mkono umemkaa kichwani.

Kumejaa habari za mabaharia na maisha yao chomboni, lakini nilichokaa nacho ni mafungo. Nilichuchumaa ubavuni nikayapiga picha kumi na mbili: mahali boriti inapotoka chomboni, mahali inapokutana na tengo, kamba inavyopita juu na kurudi chini. Sehemu moja kamba imechakaa na nyuzi zimesimama. Hiyo nayo nikaipiga. Kisha nikazituma nyumbani kwa simu ya mpwa wangu, ampelekee baba pwani.

Jibu lilikuja baada ya saa nzima, sauti, na nyuma yake nasikia upepo wa kusi na mtu anagonga ubao.

"Mwanangu, nimeziona. Huyo fundi anajua kufunga, mwambieni nimesema. Lakini hao wametia miti ya mviringo. Sisi twatia mbao, tena twailaza mshazari ipate kukata maji. Sasa waulize: wimbi la ubavu likija, ya kwao hupanda juu ya wimbi, au hupita ndani yake? Maana kama hupanda, basi zile boriti zaumia, na kamba ile iliyochakaa ndiyo sababu yake."

Nilimtafuta mwangalizi, bwana mmoja mtaratibu wa makamo, nikamfasiria. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniomba nimchezeshee sauti ya baba, ingawa hakuelewa neno, akaisikiliza mara mbili. Halafu tukaenda sote wawili tukachuchumaa pale penye kamba iliyochakaa, akaitazama kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza.

"Pak As'ad ndiye angejibu hili," akasema. "Sisi wageni hutuuliza jahazi lilikwenda kasi gani."

Akaniletea daftari la wageni na kalamu. Nikaliandika swali la baba kwa Kiswahili kama alivyolisema, neno kwa neno, na chini yake kwa Kiingereza ili lisomeke. Kwenye safu ya jina nikaandika: fundi wa ngalawa. Kwenye safu ya anapotoka nikaandika: Pemba.